Fideikomiso: ardhi ya Prinsi Esterházy ambayo hakuruhusiwa kuiuza

Kabla ya Vita Kuu ya Pili hakuna mtu Hungaria aliyekuwa na ardhi kubwa kumshinda Prinsi Paul Esterházy. Upande wa Hungaria peke yake alishika zaidi ya hekta 100,000. Ng'ambo ya mpaka, kwenye jimbo la Burgenland nchini Austria, alikuwa na misitu, mizabibu, sehemu ya ziwa Neusiedl na makasri ya Eisenstadt na Forchtenstein. Aliupokea urithi huo mwaka 1920 akiwa kijana wa miaka 19. Hata hivyo, hakuwa na mamlaka ya kuuza msitu mmoja pale alipohitaji fedha, wala ya kumwachia amtakaye kasri kwa wasia. Kilichomfunga kinaitwa fideikomiso, na bila kukifahamu ni vigumu kuelewa ilikuwaje koo chache za Ulaya ya kati zikakaa juu ya mali ileile kwa zaidi ya miaka 200.

Kwanza cheo chenyewe. Esterházy hawakuwa wana wa mfalme. Prinsi hapa ni daraja la juu kabisa la kikabaila, ambalo Kaisari wa ukoo wa Habsburg alimpa mtu aliyemtumikia vizuri, kisha kizazi chake kikalirithi.

Fideikomiso yenyewe ni mpango wa kisheria. Mwanzilishi anaitoa mali yake, hasa ardhi, kwenye mirathi ya kawaida na kuamuru ipite nzima kwa mrithi mmoja, kisha kwa mrithi wa huyo, na kuendelea hivyo bila kikomo. Mara nyingi mrithi ni mtoto wa kiume wa kwanza. Anayeishika kwa zamu yake anakula mapato: kodi, mavuno, mbao, mvinyo, samaki wa ziwani. Shina haligusi. Haliuzi, haligawi, na kuliweka rehani anahitaji kibali.

Kiini kipo kwenye jambo moja ambalo wengi hulipita. Mshikaji akifa, mwanawe hairithi ardhi kutoka kwa baba. Anaipokea kutoka kwa mwanzilishi, aliyezikwa pengine miaka 150 iliyopita. Kwa hiyo madeni ya baba hayaifuati ardhi, na baba hawezi kumnyima mwanawe hata kama hawasemezani. Sheria ya madai ya Austria ya 1811 ililieleza hili kwa uwazi wa kushangaza: umiliki umegawanywa mara mbili, mshikaji ana haki ya kutumia, na haki ya juu ni ya wote wanaongojea zamu, wakiwemo watakaozaliwa. Kulikuwa hata na msimamizi rasmi wa kuwatetea hao ambao hawajazaliwa.

Msomaji wa pwani atakuwa ameshakumbuka wakf wa dhuria, ule ambao mtu huweka nyumba au shamba kwa ajili ya watoto na wajukuu wake, lisiuzwe wala lisirithiwe kwa mafungu. Kufungwa kwa mali ni kulekule. Tofauti ni kubwa lakini: wakf hulisha kizazi chote, na mwisho wake huelekezwa kwenye jambo la kheri, kama vile msikiti au maskini. Fideikomiso ilimlisha mmoja, na nia yake ya wazi ilikuwa kuulinda ukubwa wa jina la ukoo.

Mzizi wake ni wa Kirumi. Raia wa Roma aliweza kumwomba mrithi wake, kwa uaminifu tu, amkabidhi mtu wa tatu mali fulani. Kaisari Augusto akaanza kuyapa maombi hayo nguvu ya sheria. Baadaye, katika karne ya 6, Justiniano aliweka mpaka wa vizazi vinne, ishara kwamba tangu zamani hizo watu waliona hatari ya marehemu kutawala walio hai milele. Makabaila wa Hispania waliuondoa mpaka huo kwa vitendo, na kupitia Habsburg, waliotawala Hispania na Austria pia, mtindo ukaenea hadi kwenye bonde la Danube. Hungaria iliupokea rasmi katika baraza la 1687.

Mwaka huohuo ndipo Paul wa Kwanza Esterházy, aliyekuwa msaidizi mkuu wa mfalme nchini Hungaria, alipopewa uprinsi. Baba yake, Nikolaus, alizaliwa mwaka 1582 katika nyumba ya watu wa daraja la kati. Alipanda kwa kumtumikia Habsburg na kwa kuoa wajane wawili matajiri, mmoja baada ya mwingine. Paul naye, ili mali isitawanyike, alimwoa Orsolya, binti wa kaka yake, kwa kibali cha Papa. Wakati huo alikuwa bado hajatimiza miaka 18. Kwa wake wawili alipata watoto zaidi ya 20. Hebu piga hesabu: mali ile ingegawanywa kwa usawa, wajukuu wangekuwa wenye mashamba wa kawaida tu, na jina la Esterházy lingekuwa moja kati ya mengi. Fideikomiso ilizuia hilo, na waliolipa gharama ni watoto wale wengine. Wadogo wa kiume walipewa posho wakaelekea jeshini, kanisani au serikalini. Mabinti walipewa mahari ya kuolewa nayo, au wakaingia utawani.

Kuna kitu Forchtenstein kinachoonyesha mpango huu kwa jicho. Ndani ya ngome hiyo Paul alijenga chumba cha hazina: vyombo vya fedha, saa, pembe za ndovu zilizochongwa, silaha zilizotekwa kwa Waturuki, vyote vikiwa chini ya fideikomiso. Mlango wake ulifunguliwa kwa funguo mbili tofauti. Moja ilikaa kwa prinsi, ya pili kwa mtunza hazina. Prinsi mwenyewe, mkuu wa yote yanayoonekana kutoka dirishani, hakuweza kuingia kwenye hazina yake peke yake. Sijui mfano ulio bora kuliko huo wa kueleza hali ya mtu anayeshika mali kwa zamu.

Tusiitazame ardhi hiyo kana kwamba ni hati tu. Ilikuwa na watu, na prinsi alikuwa serikali yao. Maofisa wake walikusanya kodi, walihukumu kesi, walisimamia madaraja, vinu na baa za mvinyo. Wakulima hawakuwa wapangaji huru. Kwa amri ya Malkia Maria Theresa ya 1767, ambayo ilikusudiwa kuwapunguzia mzigo, kaya yenye shamba kamili ilidaiwa siku 52 kwa mwaka za kumfanyia bwana kazi ikiwa na wanyama wake wa kukokota, au siku 104 kwa mikono mitupu. Juu ya hapo sehemu moja kati ya tisa ya mavuno ilikuwa ya bwana, na zaka ikaenda kanisani. Siku 104 ni mbili kila wiki, mwaka mzima, kabla hujagusa jembe kwa ajili ya watoto wako. Na hicho kilikuwa kiwango kilichopunguzwa.

Bwana huyohuyo aliweza pia kuwa kimbilio. Mwaka 1670 Kaisari Leopold aliwafukuza Wayahudi Vienna, na baadhi yao Paul wa Kwanza aliwaruhusu wakae kwenye miji yake, kwa hati za ulinzi walizozilipia. Zilikua jumuiya saba zilizojulikana kote Ulaya ya kati. Mtaa wao wa Eisenstadt ulizuia magari siku ya Sabato kwa mnyororo uliovutwa katikati ya njia, na mnyororo huo upo hadi leo. Watu wenyewe hawapo. Manazi waliwafukuza mwaka 1938.

Mshikaji aliyefahamika duniani kuliko wote ni Nikolaus wa Kwanza, aliyeitwa Mtukufu, aliyeshika zamu kuanzia 1762 hadi 1790. Yeye ndiye anayenisaidia zaidi kuona fideikomiso inampa mtu nini na inamnyima nini. Hakuweza kuuza ardhi, lakini mapato yake ya mwaka yalikuwa yake kuyatumia apendavyo, na aliyatumia. Kando ya ziwa, kwenye nchi ya majimaji iliyokuwa na nyumba ya mawindo tu, alijenga kasri la Eszterháza lenye vyumba 126, jumba la opera, ukumbi wa vikaragosi na bustani za matembezi. Maria Theresa alikuja mwaka 1773 na kufanyiwa sherehe kubwa. Mwaka 1786 opera zilichezwa pale mara 125, wingi ambao miji mikubwa ingeuonea wivu.

Aliyeendesha muziki huo wote ni Joseph Haydn, mwana wa fundi wa magurudumu. Mkataba wake wa tarehe 1 Mei 1761, alioandikiwa na kaka wa Nikolaus aliyemtangulia kushika zamu, unafaa kusomwa polepole. Unamtaka avae sare ya nyumba, soksi nyeupe na shati safi. Afike kila siku kabla ya adhuhuri na baada yake, akae sebuleni kungoja kama bwana anataka muziki. Nyimbo anazotunga ni za prinsi, asimpe mtu nakala, na asimtungie mwingine bila idhini. Mshahara gulden (fedha ya Austria ya wakati huo) 400 kwa mwaka. Kipengele cha umiliki wa nyimbo kililegezwa mwaka 1779 tu, baada ya miaka 18. Mtu aliyefanya mengi kuliko wengine kuikuza simfoni, yaani utungo mrefu wa okestra, aliishi muda huo wote akiwa ofisa wa nyumba ya kabaila.

Nikolaus alipenda kupiga baritoni, chombo cha nyuzi kisichokuwa na wapigaji wengi hata zama hizo, na Haydn alimtungia vipande zaidi ya 120 vya wapigaji watatu. Mwaka 1772 prinsi alizidi kukawia Eszterháza huku wanamuziki wakizikumbuka familia zao zilizobaki Eisenstadt. Haydn akatunga simfoni ambayo mwishoni mwake mpigaji mmoja mmoja anazima mshumaa wake na kuondoka, mpaka wanabaki wawili tu. Inasimuliwa kwamba bwana alielewa, na safari ikaamriwa kesho yake. Ombi la likizo ilibidi lipitie humo.

Nikolaus akafa Septemba 1790, na mwanawe Anton akashika zamu. Karibu mara moja alivunja okestra na opera. Sheria haikumzuia hata kidogo, kwa kuwa kilichofungwa kilikuwa mashamba na hazina. Muziki ulikuwa matumizi ya marehemu. Haydn aliachiwa kiinua mgongo cha gulden 1,000 kwa mwaka, akabaki na cheo bila kazi, na miezi michache baadaye alikuwa njiani kwenda London kuvuna umaarufu wake. Eszterháza ikaanza kuchakaa.

Kuna ubaya ambao sheria hii iliuzaa yenyewe. Mtu anayejua ardhi yake haiwezi kupigwa mnada hana sababu kubwa ya kuogopa deni, na anayemkopesha hupandisha riba kwa kuwa dhamana haishikiki. Nikolaus wa Pili, mjukuu wa yule Mtukufu, alinunua picha Ulaya nzima, pamoja na Madona, picha ya Bikira Maria ya mchoraji Raphael, ambayo hadi leo inaitwa kwa jina la ukoo huo. Alilijenga upya kasri la Eisenstadt, na alimwagiza mtunzi Beethoven muziki wa misa uliopigwa pale mwaka 1807, ambao haukumpendeza. Mwanawe, Paul Anton, alikuwa balozi wa Austria London kwa miaka mingi, na Waingereza walimkumbuka kwa sare yake ya kihusari, ya askari wapanda farasi wa Hungaria, iliyojaa almasi na lulu. Fahari ya baba na mwana iliacha madeni makubwa hata kwa kipimo chao. Katika miaka ya 1860 mali iliwekwa chini ya wasimamizi, na Paul Anton akafa mwaka 1866 mjini Regensburg, mbali na makasri yake. Mwaka 1870 ukoo uliiuzia serikali ya Hungaria mkusanyo wa picha, zaidi ya 600, ambao ndio msingi wa Makumbusho ya Sanaa ya Budapest. Raphael akaondoka, ardhi ikabaki. Watunzi wa sheria walikusudia iwe hivyo, na kwa kipimo chao walifaulu.

Kwa kipimo cha mkulima ilikuwa habari nyingine. Mwaka 1848 utumwa wa ardhi ulifutwa Hungaria, wakulima wakapata viwanja walivyokuwa wakivilima, na makabaila wakaahidiwa fidia na serikali. Lakini mashamba ya bwana mwenyewe yalibaki yake, na fideikomiso hazikufutwa. Baada ya 1867 zikaongezeka. Hapo ndipo naona dhuluma iliyo ngumu kuliko zote, kwa sababu haikuwa na uso. Familia ya kibarua ingejinyima miaka 30 ikaweka akiba, na bado isingepata hekta tano za kununua karibu na kijiji chake, kwa kuwa ardhi yote inayoizunguka ilikuwa imefungwa na kaburi. Prinsi mwema angetaka kuwauzia, sheria ingemkatalia. Kati ya vita mbili Wahungari walizungumza juu ya nchi ya maskini milioni 3, na sheria ya 1936 iliyopunguza ardhi ya kilimo inayoweza kubaki kwenye kifungo ilikuja kwa kuchelewa na kwa woga.

Turudi kwa Paul tuliyeanza naye, aliyezaliwa Eisenstadt mwaka 1901. Mkataba wa amani baada ya Vita Kuu ya Kwanza ulikata urithi wake katikati: mwaka 1921 Burgenland ikawa ya Austria, Eszterháza ikabaki Hungaria. Austria ilikuwa imeshafuta vyeo vya kikabaila mwaka 1919. Alisoma sheria na uchumi hadi shahada ya udaktari, akakaa Budapest, na hakujitokeza sana kwenye siasa. Kisha vifungo vikaanza kukatika, na wala si kwa mkono wake. Baada ya Hitler kuimeza Austria mwaka 1938, sheria ya Ujerumani ilizivunja fideikomiso zote, na kufikia tarehe 1 Januari 1939 hazikuwepo tena upande huo. Machi 1945 Hungaria ilitoa amri ya ardhi: shamba lililozidi hekta 575 lilichukuliwa lote. Watu wapatao 640,000 walipata vipande. Waziri wa kilimo aliyeisimamia kazi hiyo aliitwa Imre Nagy.

Paul angeweza kuondoka. Wengi wa daraja lake waliondoka. Alibaki Budapest, na mwaka 1946 alimwoa Melinda Ottrubay, mcheza baleti mkuu wa Opera ya Budapest, binti asiye wa ukabaila. Mwishoni mwa 1948 alikamatwa, na Februari 1949 akasimamishwa kizimbani pamoja na Kardinali József Mindszenty, katika kesi ambayo hukumu yake ilikuwa imeshapangwa. Kardinali alipata kifungo cha maisha. Paul, kwa mashtaka ya kuvunja sheria za fedha za kigeni, alipewa miaka 15. Alitoka gerezani kwenye mapinduzi ya 1956, siku ambazo kiongozi wa serikali alikuwa Imre Nagy yuleyule. Akavuka kwenda Austria na mkewe, kisha wakahamia Zürich.

Mashamba ya Burgenland, yaliyokuwa mikononi mwa jeshi la Kisovieti hadi 1955, yalikuwa yamerudi kwake. Na sasa yalikuwa yake kweli, kwa maana ambayo hakuna prinsi wa ukoo huo aliyewahi kuijua tangu karne ya 17. Angeweza kuuza, na baadhi aliuza. Angeweza kuandika wasia. Hawakujaliwa mtoto. Chini ya utaratibu wa zamani kila kitu kingekwenda kwa jamaa wa kiume wa karibu, na Melinda angeishia na posho ya mjane. Paul alipofariki mwaka 1989 alimwachia yeye yote.

Melinda aliishi hadi 2014. Kuanzia miaka ya 1990 aliiweka mali hiyo, takriban hekta 44,000 pamoja na Eisenstadt na Forchtenstein, chini ya mawakfu ya kiraia yenye bodi na katiba, ili isigawanyike na makasri yabaki wazi kwa umma. Hakuna tena kifungua mimba anayesubiri zamu. Ardhi imefungwa upya, safari hii na mwanamke, na mapato yake yanatengeneza mapaa, kutunza hazina na kulipia matamasha ya muziki kwenye ukumbi wa Eisenstadt alikopigia Haydn.